Njia ya Kiboko Niliyoiita Korongo

Vijana wangu wa idara ya wanyamapori, mlio Katesh na mlio Mbulu: siku ya kuniaga mlinipa blanketi, kuku wawili na daftari, mkaniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu kazini ili mpate la kujifunza. Kuku tumeshawala. Blanketi lipo, na baridi ya huku juu inalihitaji. Kuandika ndiko kumenichukua mwezi wa nne sasa, na si kwa kukosa maneno, mnanijua. Ni kwamba kuna jambo moja ambalo nikiliruka, mengine yote yatabaki porojo za mzee. Upande wa Basotu kuna mkulima anaitwa Awaki. Mtu huyo alibeba kosa langu kwa miaka kumi na miwili, ukoo wa mkewe ukamtenga kwa ajili yake, na mimi nilikuwa nikijua. Nitafika hapo. Mambo ya vyeo na mishahara siandiki. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilizaliwa Mbulu, kwenye vilima, mahali ambapo kila shamba limeegemea mteremko. Kwetu mtoto hujifunza kuziba korongo kabla hajajua kusoma. Mvua kubwa ikipita, asubuhi baba hakuuliza kama tumelala vizuri. Alisema, "Nendeni mkaangalie udongo." Ukikuta mfereji mpya, hata wa upana wa kiganja, unaujaza mawe na matawi ya miba siku hiyo hiyo. Ukiuacha mwaka mmoja utaingiza ng'ombe, ukiuacha mitatu utakula shamba. Mafundisho hayo niliyashika kuliko katekisimu, na padri wetu alilijua hilo. Nayaandika hapa kwa sababu ndiyo yaliyoniponza baadaye.

Chuoni nilikuta mwalimu mmoja mkali, mwembamba, ambaye kila somo alilianza kwa maswali mawili yale yale: "Hapo jua ni kiasi gani? Na maji yako wapi?" Ukiyajibu hayo, alisema, mnyama utakayemkuta hapo unaweza kumchora kabla hujamwona. Alituzungusha dunia nzima bila kutoka darasani. Alitueleza dubu mweupe wa kaskazini kabisa, ambako kuna majira jua halichomozi na bahari inaganda; chini ya manyoya yake meupe ngozi ni nyeusi. Alitueleza mdudu wa jangwani, huko pwani ya kusini-magharibi mwa Afrika, anayesimama kichwa chini alfajiri ili ukungu ugeuke matone mgongoni mwake na kumteremkia mdomoni. Alitueleza samaki wa mapangoni wasio na macho, kwa kuwa pasipo mwanga jicho ni mzigo. Sisi tulimcheka, tukampa jina la Jua-na-Maji. Leo sina somo lingine la kuwaachia zaidi ya maswali yake mawili.

Siku ya kwanza Katesh nilifika na sanduku la bati na barua. Mkuu wangu aliisoma barua, akanikabidhi vitendea kazi: bunduki moja na risasi tano, daftari la kuandika kila risasi imekwenda wapi, darubini yenye jicho moja zima, na baiskeli. Baiskeli haikuwa na daftari, ndiyo maana haikumaliza mwaka. Kisha akanionyesha mtu aliyeketi nje juu ya jiwe, amevaa sweta la serikali juu ya shuka, fimbo magotini. "Huyo ni Gidamis, askari wetu wa wanyamapori. Mfuate. Akikuambia simama, usiulize kwa nini."

Mzee Gidamis alikuwa Mdatoga wa tambarare za Dirma, mtu wa ng'ombe, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Mbulu."

Akanitazama mikono. "Mtu wa jembe," akasema, na huo ndio ulikuwa usaili wangu. Tulitembea pamoja miaka mingi, na hakuwahi kuniita kwa jina. Nilikuwa "bwana mdogo" mpaka siku anastaafu, ingawa kwa karatasi mimi ndiye niliyekuwa mkuu wake.

Wiki hiyo hiyo alinipeleka Balangida. Tulifika jua likiwa utosini, ziwa jeupe kwa magadi na flamingo wamejipanga kandokando. Nilitaka ajue kwamba nimesoma. Nikaanza kumweleza: maji haya ni makali, viumbe wengi hawayawezi, ila kuna mimea midogo isiyoonekana kwa macho inayostawi humo kwa jua kali, na ndege hawa huila hiyo, ndiyo inayowapa ile rangi. Gidamis alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa.

"Ni kweli," akasema. "Sasa niambie, wataondoka lini?"

Sikujua. Akachovya kidole majini, akakionja, akatema.

"Mvua ikizidi, chumvi inapungua, wanaondoka. Jua likizidi, maji yanaisha, wanaondoka. Hapo katikati ni padogo. Kila mnyama anaishi padogo hivyo, bwana mdogo. Ukimsogeza kidogo tu, umemtoa."

Ndivyo alivyonifundisha, kwa miguu. Mlimani Hanang alinionyesha upande unaoshika ukungu, wenye msitu na pongo, halafu upande unaokauka, wenye vichaka na pimbi wanaotoka kuota jua asubuhi kabla ya kula chochote, maana miili yao ikiwa baridi haifanyi kazi. Kwenye mashamba ya ngano tuliwakuta wale ndege wakubwa weupe wenye ncha nyeusi za mabawa, wanaofika kila mwaka kutoka Ulaya. Nikamweleza kwamba kwao majira hayo siku huwa fupi, ardhi inaganda, chakula hakuna. Gidamis akawatazama wakidonoa panzi nyuma ya trekta. "Kumbe na Ulaya kuna njaa," akasema, akaendelea na safari.

Kesi ngumu zilikuwepo nyingi, na ngumu zaidi hazikuwa za wanyama. Mwenyekiti mmoja wa kijiji aliniandikia barua rasmi, yenye muhuri, akiomba nyani wapewe notisi ya siku saba kuondoka kwenye mahindi. Nilimjibu kwa barua vilevile kwamba notisi nimeipokea na nyani hawajui kusoma. Nilionywa na ofisi kwa barua hiyo, na onyo hilo silijutii. Mara nyingine tulilala siku tatu Dirma tukimfuatilia fisi aliyekula ndama, kumbe yule ndama alikufa kwa ugonjwa na fisi alikuja kusafisha. Mwenye ndama aliendelea kumtukana fisi hata baada ya kuelezwa. Nilimwelewa. Mtu aliyepoteza hutafuta wa kumlaumu, na mnyama hana wakili.

Sasa viboko. Kwenye moja ya yale maziwa madogo ya upande wa Basotu kulikuwa na familia moja ya viboko tangu kabla ya wazee wa pale kuzaliwa. Gidamis alinikalisha juu ya ukingo siku nzima ili niwaangalie wakifanya kitu ambacho wageni huita uvivu, yaani kukaa majini. "Ngozi yake ni adui yake," aliniambia. Na ni kweli kama chuo kinavyosema: ngozi ya kiboko hupoteza maji upesi, na jua huichoma. Ina ute wake mwekundu wa kuikinga, lakini ute huo hautoshi kwa siku nzima. Kwa hiyo jua linampangia kazi: mchana majini, giza likiingia anapanda kula majani, kabla jua halijawa kali awe amerudi. Akichelewa huwa na haraka, na kiboko mwenye haraka haoni mtu, anaona kizuizi.

Kisha akaniteremsha nione njia yao. Njia ya kiboko si kama ya ng'ombe. Miguu yake imeachana, kwa hiyo anachimba mifereji miwili yenye tuta katikati, inayoshuka moja kwa moja mpaka majini. Kwenye vichaka vya kando kulikuwa na kinyesi walichokitapanya kwa mkia.

"Hii hapa haitumiki siku hizi," nilimwambia. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota kwenye mifereji.

"Imelala," akasema Gidamis. "Njia ya kiboko haifi, inalala. Mama alimpitisha mtoto hapa. Mtoto akikua, siku nyasi za kule zikiisha, atakumbuka."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu. Daftari ninalo mpaka leo, na mwandiko ni wangu.

Gidamis alistaafu, akarudi kwa ng'ombe wake Dirma. Miaka michache baadaye mvua zikakataa misimu miwili mfululizo. Nilikuwa nimesimika mti majini kwenye ziwa lile, nimeupiga alama za rangi kwa kila futi, na kila mwezi nilikwenda kwa pikipiki kuusoma. Mwisho mti ulikuwa umesimama kwenye tope kavu, na maji yako mbele yake mwendo wa mtu kuvuta sigara moja. Viboko walihamia upande wa mbali, penye kina. Nyuma yao ziwa liliacha udongo mweusi, laini, wenye unyevu chini. Watu wetu wa jembe wakiona udongo wa namna hiyo umekaa bure wakati kwenye vilima mahindi yamekauka, hawalali. Familia moja moja zikashuka na kupanda maharage na mahindi pale pale ziwa lilipokuwa. Ofisi ilijua. Mimi nilijua. Watu walikuwa na njaa, na sikuwa na moyo wa kuwafukuza.

Siku moja nikitoka kuusoma ule mti nilimkuta Awaki akipalilia. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mtu mtaratibu, ambaye baba yake alitoka Mbulu kama mimi. Akaniamkia, nikaitikia, tukasimama kuzungumza habari za mvua kama watu wa kwetu wanavyofanya wakikutana. Mkewe, mama Paulina, alitupa maji kwenye kikombe. Nilipogeuka kuondoka nikaona, juu kidogo ya shamba lake, mifereji miwili ikishuka kwenye mteremko na kumwaga mchanga kwenye maharage. Kulikuwa kumenyesha manyunyu siku mbili kabla, na maji yalikuwa yamepita humo.

Nisikilizeni vizuri hapa. Niliiona ile mifereji. Niliona tuta la katikati. Niliona hata kinyesi cha zamani kwenye kichaka, kikavu, cheupe. Na bado kichwa changu, chenye cheti na miaka ya kutembea na Gidamis, hakikuona njia. Kiliona korongo. Nilisimama pale nikiwa mtoto wa baba yangu, si afisa wa wanyamapori.

"Awaki," nikamwambia, "hilo korongo likipata mvua moja ya kweli, shamba lako linaingia ziwani. Ziba leo. Mawe chini, miba juu."

"Afisa, si njia ya wale?" Akaonyesha majini kwa kidevu.

"Wale wako upande wa pili siku hizi. Ziba."

Akasema, "Sawa afisa." Hakuna mwingine aliyesikia, maana mama Paulina alikuwa amekwenda kuchuma mboga. Niliwasha pikipiki, na njiani nilikuwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo jema. Hiyo furaha naikumbuka, na inaniumiza kuliko mengine.

Siku kumi baadaye nilipigiwa simu na mtendaji wa kijiji. Nilipofika jua lilikuwa limepanda na mama Paulina alikuwa amelazwa kwenye kivuli, amefunikwa khanga mbili mpaka usoni. Alama zilieleza kila kitu, na nilizisoma peke yangu. Kiboko jike alitoka usiku kwa upande wa mbali, akazunguka mpaka kwenye pembe za mashamba ya ngano kutafuta majani, kwa sababu karibu yalikuwa yamekwisha. Alikwenda mbali, akachelewa. Asubuhi, jua likimchoma mgongo, akashika njia fupi ya majini, ile ya zamani aliyopitishwa na mama yake. Akafika kwenye mawe na miba. Nyayo zilionyesha alisimama, akasukuma, akageuka, akaambaa na ule uzio mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa kwenye njia ya watu ya kuteka maji. Ndoo ya mama Paulina ilikuwa hapo. Alikuwa amesimama kati ya kiboko na maji.

Kijiji kilitaka mnyama afe, na sheria iliniruhusu. Nilimpiga mchana ule, risasi mbili, zimeandikwa kwenye daftari. Kiboko ukimpiga majini huzama, halafu unangoja aelee. Tulingoja watu wote ukingoni. Alipoelea na kuvutwa kwa kamba, niliona ngozi ya mgongo imepasuka kwa jua, na ute umekauka juu yake. Chuchu zilikuwa na maziwa. Mtoto wake alibaki katikati ya ziwa, akitoa kichwa na kukizamisha. Sikumwona tena nilipokwenda mwezi uliofuata.

Jioni niliandika taarifa. Naikumbuka neno kwa neno: "Njia ya wanyama ilizibwa na mkulima bila ushauri wa ofisi." Kila neno lilikuwa na mwandiko mzuri. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na miaka michache kufika kwenye uhamisho niliouomba, lakini hayo ni maelezo, si sababu. Sababu ni kwamba niliogopa. Kesho yake mkutano wa hadhara ukaitishwa, na mimi ndiye niliyesimama mbele. Nikawafundisha watu kuhusu viboko na jua, vizuri sana, na nikamaliza kwa kusema, "Njia ya mnyama haizibwi. Aliyeziba ajue alichofanya."

Watu wote waligeuka kumtazama Awaki. Yeye alinitazama mimi. Nilidhani atasimama aseme, na nusu yangu ilitamani asimame. Akainamisha kichwa. Shemeji zake, kaka wa marehemu, waliinuka na kuondoka kabla mkutano haujafungwa.

Ninyi wengine mmezaliwa mjini, kwa hiyo nieleze. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyopatwa na kifo cha namna hiyo hukaa kando kwa muda. Watu hawaendi, na wenye nyumba hawatoki kuchangamana, mpaka muda upite na mambo ya kutakasa yafanyike. Siku hizi kanisa limepunguza, ila wazee bado wanaishika. Mimi ni mtu wa misa kila Jumapili, lakini safari hiyo niliishika mila kuliko mganga. Nilijiambia siwezi kwenda kwa Awaki kwa sababu ya mila. Muda ulipopita na wengine wakaanza kumtembelea, nilijiambia nina kazi nyingi. Wakwe zake hawakumtembelea kabisa. Mama mkwe wake, bibi mmoja wa Nangwa, alimchukua Paulina akamlee, na akasema Awaki asikanyage kwake, kwa kuwa alimuua binti yake kwa tamaa ya kipande cha udongo. Habari hiyo nilipewa na mtendaji kwenye simu, katikati ya mazungumzo mengine. Nikasema, "Pole yake."

Gidamis alisikia. Akatembea kutoka Dirma mpaka barabarani, akapanda lori, akafika ofisini na fimbo yake. Hakukaa.

"Bwana mdogo, nani alifunga ile njia?"

"Mkulima," nikasema.

"Nani alimwambia?"

Nikainamia karatasi zangu. Akasema kwamba ng'ombe wake wanamngoja, akaondoka. Alifariki mwaka uliofuata. Msibani nilipewa nafasi ya kuzungumza kama mwanafunzi wake, nikazungumza. Watu walisema niliongea vizuri.

Baada ya hapo nikawa mtu wa njia za wanyama. Mtakumbuka, wengi wenu mlinikuta hivyo. Niliwatembeza maziwa yote, nikawachorea mifereji miwili na tuta kwenye mchanga, nikamfokea kila aliyesema "korongo". Nilisimamia njia tatu zikaachwa wazi na wakulima wakapewa pa kutekea maji mbali nazo, na tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyekufa kwa kiboko kwenye maziwa yale. Mlidhani ni ukali wa uzee. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza kwenye semina, "Mzee, haya yote ulijifunza wapi?" Nikamwambia kwa Gidamis. Lilikuwa jibu la kweli, na nililitumia kujificha.

Nilistaafu. Mke wangu ndiye aliyeona siandiki chochote kwenye daftari mlilonipa. Akaniuliza, nikamwambia, kwa mara ya kwanza. Akasema, "Baba Emanueli, hao vijana wako hawakuhitaji. Anayekuhitaji yuko Basotu." Kesho yake nikatia mafuta pikipiki.

Nilimkuta Awaki akirekebisha banda la ng'ombe. Ameota mvi. Aliponiona aliweka nyundo chini, akafuta mikono, akaniambia, "Shikamoo afisa." Mdomo wangu ulikataa kuitikia marahaba. Nilimwambia hapo hapo, nimesimama, kofia ya pikipiki mkononi: kwamba mimi ndiye niliyesema pazibwe, kwamba yeye aliniuliza na mimi nikampuuza, kwamba taarifa niliandika uongo, kwamba mkutanoni nilimtupia yeye, na kwamba nimekuja kuomba msamaha.

Alinisikiliza kama mtu anayesikia habari za bei ya mahindi.

"Mimi usiniambie," akasema. "Mimi nilikuwepo."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ulikuwa mkubwa wangu. Mkubwa huwezi kumuumbua mbele za watu. Nilikungoja useme mwenyewe." Akaokota nyundo, akaitazama, akaiweka tena. "Mwaka wa kwanza nilikungoja kila siku. Pikipiki ikipita nilikuwa natoka nje. Baadaye na mimi nikaanza kuamini. Si mimi niliyekata ile miba? Nilianza kusema labda afisa hakusema vile, labda nilisikia vibaya."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Miaka yote nilidhani nimemnyang'anya jina lake kwa watu tu, kumbe hata kichwani mwake nilikuwa nimemnyang'anya ukweli.

"Mama mkwe yuko hai," akasema. "Yuko Nangwa. Twende ukamwambie yeye."

"Leo?"

"Wewe ulisema ziba leo, nikaziba leo."

Tulikwenda kwa pikipiki yangu, yeye nyuma. Nangwa tulifika alasiri. Bibi alikuwa ameketi uani anachambua maharage kwenye ungo, na Paulina, ambaye sasa ni msichana mkubwa, alikuwa anafua. Awaki alisimama nje ya uzio. Hakuvuka. Paulina alimwona, akainuka na mikono ina povu, akabaki hivyo hivyo.

"Shikamoo mama," nikamwambia bibi.

"Marahaba. Wewe ni yule wa wanyama."

"Ndiyo mama. Nimekuja kukuambia nani aliyefunga njia ile."

Nilimwambia yote, mpaka maneno yangu yenyewe, ziba, mawe chini, miba juu. Nilimwambia Awaki aliniuliza kama si njia ya viboko. Hapo mkono wake ulisimama kwenye ungo.

"Aliuliza?"

"Aliuliza mama. Mimi nikamwambia aendelee."

Bibi aliuweka ungo chini taratibu. Hakunitukana, ingawa nilikuwa nimejiandaa kutukanwa na ingenisaidia. Kisha akaita kuelekea kwenye uzio, kwa sauti ambayo haikuwa kubwa.

"Awaki."

"Naam mama."

"Ingia ndani. Paulina, mpe baba yako maji ya kunawa."

Awaki akavuka uzio, akainama mlangoni, akaingia. Paulina akamfuata na kopo la maji. Bibi akainuka kwa kushika goti, akaingia nyuma yao, na mlango ukafungwa. Mimi hakuna aliyenikaribisha. Nilisimama uani mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia, halafu nikaondoka peke yangu.